MREJESHO: Vikao vya klabu ya kompyuta chuoni

Niliuliza namna ya kuzuia watu wale wale watatu kumaliza kikao chote huku wa mwaka wa kwanza wakikaa kimya. Foleni ya wasemaji imesaidia, ila kwa marekebisho: katibu anaandika majina ubaoni kadiri mikono inavyonyooshwa, na ambaye hajasema kabisa anatangulia anayetaka kurudia. Kila mmoja dakika 2, saa ya simu ikiwa mezani mbele ya wote. Saa ikifichwa, mwenyekiti anayekatiza ndiye anayeonekana ana ubaya na mtu.

Ajenda inatoka siku 2 kabla, kila hoja na dakika zake na neno moja pembeni: taarifa, mjadala au uamuzi. Bila neno hilo, taarifa ya kompyuta mbovu inageuka ubishi wa mifumo ya kompyuta, Linux na Windows, nusu saa imekwenda.

Uchaguzi na fedha ni kura za karatasi. Mikono ikinyooshwa, wanachama wapya humtazama kwanza kiongozi. Akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo, inahesabiwa kabla ya kura. Muhtasari wa kikao: uamuzi, mhusika, tarehe. "Tutalishughulikia" haliandikwi.

Wachelewaji bado wananishinda.