Tupeane uzoefu: kazi gani za gari unazifanya mwenyewe nyumbani, na zimekuokolea nini?

Mwanzisha uzi, Tabata

Habari za jioni wakuu.

Bei ya mafuta hatuwezi kuibishia, lakini kwenye matengenezo mwenye gari bado ana sauti. Semeni kazi mliyoifanya wenyewe uani, vifaa mlivyotumia, na hela iliyobaki mfukoni.

Naanza na msimamo wangu ili mnipinge mapema. Wengi wanadhani kujitengenezea gari ni kukwepa hela ya ufundi. Kwa hapa Dar hela ya ufundi ni ndogo, tena kuna maduka ukinunua oili kwao wanakumwagia bure. Kinachotumaliza ni cha juu kwenye spea, yaani hela fundi anayojiongezea kwenye bei, na zaidi ya hapo ni kubahatisha. Gari inamisi (silinda haichomi mafuta sawasawa), unaambiwa plagi. Umenunua plagi, bado inamisi, unaambiwa pampu ya mafuta. Bado. "Bosi, hii sasa ni kontroli boksi." Ugonjwa unakuja kuonekana ukiwa umeshahamisha nusu ya duka la Shaurimoyo.

Mfano wangu ni Toyota IST, injini 1NZ. Ikipanda daraja la Mfugale inatetemeka na taa ya injini inawaka. Nina kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, unasomea kwenye simu. Kikaleta kodi ya kosa, P0301, yaani injini inamisi, na ile tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Injini hii kila plagi ina koili yake juu, ndiyo inayoipa umeme wa cheche, imeshikwa na bolti moja ya 10. Nikachukua koili ya silinda ya kwanza nikaihamishia ya pili, na ya pili nikaileta ya kwanza. Nikafuta kodi, nikazunguka mtaa. Ikarudi taa, safari hii P0302. Ugonjwa umefuata koili, basi koili ndiyo mgonjwa. Ingebaki P0301 ningegeukia plagi, halafu nozeli ya mafuta.

Nikanunua koili moja. Gereji walikuwa wameshaniandikia koili nne, plagi nne na ufundi juu yake.

Haya, nani mwingine?

Mdau, Mbeya

Mkuu umegusa penyewe. Mimi niongezee kitu kinaitwa themostati, maana nchi hii wanazing'oa kama jino bovu.

Nilinunua Premio mkononi. Geji ya joto haifiki katikati hata nikitoka Uyole mpaka Chimala, mafuta inakunywa kama Fuso, na hita hapa Mbeya mwezi wa saba inapuliza upepo wa friji. Kila fundi ana jibu lake. Nikafuata bomba la rejeta mpaka linapoingia kwenye injini, nikafungua nati za kifuniko: ndani patupu. Aliyekuwa nayo kabla yangu gari ilichemka, fundi wake akang'oa themostati, kesi ikafungwa.

Shida yake ni hii. Themostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiitoa, injini inabaki baridi safari nzima, na kompyuta ikiona injini baridi inazidi kumwaga mafuta ikidhani ndiyo kwanza imewashwa. Na kile kilichochemsha gari mwanzo, iwe feni, mfuniko wa rejeta au mahali panapovuja, kipo palepale kinakusubiri.

Kazi ni ya Jumamosi moja. Injini iwe imepoa kabisa, mwaga kulanti (yale maji maalumu ya rejeta) kwenye beseni safi, weka themostati mpya na raba yake, rudisha, washa gari mfuniko wa rejeta ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe, ukiongeza kulanti polepole. Kulanti, wakuu, siyo maji ya bomba.

Dada wa Dodoma

Wanaume mna mambo makubwa 😂 Mimi sina hata spana.

AC yangu ilikuwa inapuliza kama mtu anayeumwa pumu. Nikaambiwa gesi imeisha, tena imevuja, inabidi mfumo mzima ufunguliwe. Nikaangalia video, nikafungua kile kiboksi cha mbele ya abiria, unabana pembeni kinashuka chenyewe, nyuma yake kuna filta ya AC. Nilichokitoa sitakielezea wakati watu wanakula. Vumbi la Dodoma la miaka, majani, na manyoya sijui ya nani. Filta mpya, upepo ukarudi, na ubaridi ukaja nao.

Dada zangu, kabla hujalipia gesi fungua hicho kiboksi. Kama upepo unatoka kwa nguvu ila ni wa moto, hapo ndipo uanze kuzungumza gesi.

Mdau, Mombasa

Salaam. Sie huku Pwani adui ni chumvi. Gari likilala Likoni usiku na mchana, vichwa vya betri vinaota unga wa kijani na mweupe, asubuhi gari halilii hata kidogo. Makanika akija neno ni moja tu: betri imekufa.

Nunueni mita ndogo ya umeme, si ghali. Gari likiwa limezimwa tangu usiku, betri nzima inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12 au chini ya hapo, haina chaji. Washa gari upime tena papo hapo kwenye betri. Ikipanda kati ya 13.8 na 14.5, olteneta, ile inayochaji betri, yafanya kazi. Ikibaki kumi na mbili na kitu, basi hata ununue betri ya lori itakufa vilevile, maana hailishwi. Jirani yangu alibadilisha betri mara mbili kabla ya mtu kumpimia hilo.

Na huo unga watoka kwa maji ya moto na brashi kuukuu. Toa waya wa hasi kwanza, wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche za Idi.

Mdau, Buguruni

Mimi ni fundi, nimewasoma mpaka hapa na nimewavumilia.

Koili ya mwanzisha uzi, sawa, kapima vizuri. Ila msiwadanganye watu kwamba kodi ni hukumu. Inakuonyesha mahali pa kuanza kutafuta, basi. Mtu anakuja na simu yake: "Fundi, imeandika P0171, nimeshanunua sensa ya oksijeni, nifungie." P0171 maana yake hewa imezidi mafuta. Nikifungua boneti, bomba la hewa baada ya ea klina (chujio la hewa ya injini) limepasuka, hewa inaingia bila kupimwa. Sensa aliyoitupa ilikuwa inasema kweli! Na aliyoileta, boksi limeandikwa jina kubwa, ndani kitu cha ajabu. Ikifa wiki ijayo, mbaya ni fundi.

Sasa kuhusu cha juu. Mnajua kwa nini kipo? Kwa sababu mnalipa elfu kumi kwa kazi ya nusu siku. Pango la gereji, dogo anayeshika tochi, vifaa, vyote vinalipwa na cha juu. Mteja akiniambia tangu mwanzo, "fundi, spea nanunua mwenyewe, wewe nitajie hela ya kazi inayokutosha," mimi nafurahi. Ila akisikia hiyo hela anaondoka.

Na kuna kazi msiziguse. Oili ya gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) ina aina yake, nimepokea Vitz imevutwa kwa kamba baada ya mwenyewe kuiongezea oili ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida. Waya za njano zinazoelekea kwenye usukani na deshibodi ni za eabegi, ziacheni. Na mtu asiingie chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake. Weka stendi, huna stendi usiingie. Hapo sitanii.

Mwanzisha uzi, Tabata

Fundi, hilo la cha juu nimelipokea. Mimi siku hizi nafanya hivyo hivyo, naenda na fundi dukani, anachagua yeye, nalipa mimi, na ufundi nampa unaoeleweka. Bado inatoka chini kuliko zamani.

Mdau, Minnesota

Nawasalimu kutoka kwenye barafu. Huku hesabu imekaa kinyume na ya Dar. Spea siyo tatizo, kinachouma ni saa ya fundi, gereji nyingi zinavuka dola 100 kwa saa moja. Kwa hiyo mtu akibadilisha pedi za breki za mbele mwenyewe, akiba inaonekana kwa macho. Vifaa ambavyo huna, maduka ya spea kama AutoZone yanakuazima. Unaweka amana, ukirudisha unapewa hela yako yote.

Pedi kwa ufupi: gari kwenye stendi, tairi nje, fungua bolti ya chini ya kalipa (kile kinachobana pedi) uinyanyue juu, toa pedi za zamani, rudisha pistoni ndani taratibu kwa klampu huku ukiangalia mafuta ya breki yasifurike kule juu. Safisha zile pini kalipa inapotelezea, uzipake grisi yake. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi inazigandisha, pedi moja inaisha na mwenzake bado mpya. Naona wa Mombasa ananielewa.

Kabla hujaondoa gari, kanyaga breki mpaka pedali iwe ngumu. Kanyago la kwanza huwa linakwenda mpaka chini, na hutaki kulijua hilo ukiwa unatoka getini.

Mdau, Arusha

Toyota Aqua hapa. Ni haibridi, inatumia petroli na umeme. Betri yake kubwa inapozwa na feni, na tundu la hewa liko kwenye kiti cha nyuma. Ukibandika mabegi pale, au vumbi likajaa, betri inachemka na kuzeeka mapema. Mimi nasafisha chujio lake kwa brashi kila nikisafisha gari. Ila waya za rangi ya chungwa siziangalii hata mara mbili, ile betri ni volti 144.

Mgeni wa uzi, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Mimi nina Corolla ya 2001, hicho kifaa cha bluetooth kinakataa kuunganika ingawa tundu ni lilelile. Taa ya injini inawaka. Nifanyeje?

Mdau, Buguruni

Marahaba. Toyota nyingi za Japani za miaka hiyo hazielewani na vifaa vya bei chee. Chukua kipande cha waya chembamba. Litazame lile tundu, upande mpana ukiwa juu. Mstari wa juu hesabu kutoka kushoto, tundu la 4. Mstari wa chini unaanzia na 9, hesabu mpaka 13. Unganisha 4 na 13, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itamweka. Hesabu mimweko, itapumzika kidogo, hesabu tena: ni tarakimu mbili. Ikimweka mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Hesabu kwa makini. Tundu la 16 ni umeme wa betri moja kwa moja, ukigusa hilo utatafuta fyuzi usiku.

Mgeni wa uzi, Morogoro

Imemweka 2, ikapumzika, ikamweka 5. Nikarudia, ni 25.

Mdau, Buguruni

25 ni hewa nyingi, mafuta kidogo. Usinunue kitu. Kesho asubuhi likamate lile bomba la hewa baada ya ea klina, likunje taratibu, uniambie umeona nini.