Ushauri: Hita ya foili inaonyesha sensa yangu ya joto imepungua nguvu. Niamini kipi?

Fundi Maranda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mafinga, baridi ya huku wenyeji mnaijua. Kazi yangu ni kujenga mabanda ya vifaranga. Ukuta wangu ni mbao pande mbili, katikati nashindilia maranda. Ili mteja asinunue maneno matupu, nabandika sensa ya mtiririko wa joto ukutani, naiacha usiku kucha, asubuhi nampa namba: kila mita ya mraba ya ukuta inapoteza wati ngapi.

Kwa wasioijua, ni kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimita 8, ndani kimejaa termokapo zilizoungwa mfululizo, yaani viungo vya metali mbili vinavyotoa umeme pande zake zikitofautiana joto. Joto likipita kutoka uso mmoja kwenda wa pili, kinatoa umeme kidogo sana. Cheti cha sensa hii kinasema mikrovolti 60.4 kwa kila wati 1 kwa mita ya mraba.

Juzi nimeikagua kwa hita ya foili, ile karatasi nyembamba ya rangi ya kaharabu yenye njia za chuma ndani, sentimita 10 kwa 10. Sensa chini, hita juu yake, kisha mto wa maranda. Nikaipa wati 1. Kwa eneo hilo ni wati 100 kwa mita ya mraba, kwa hiyo nilitegemea milivolti 6. Nikapata 4.6. Nimerudia mara tatu, ni 4.6 ileile.

Je, hita ya foili inaweza kudanganya kiasi hicho? Naomba majibu mapema wakuu, usingizi umekata.

Mama Vifaranga

Pole baba. Mimi niko Njombe, na nakwambia achana na visahani. Kifaranga mwenyewe ndiye kipimo. Wakijikusanya chini ya taa wanasikia baridi, wakitawanyika kandokando wakitweta wameungua. Mwaka juzi mwezi wa saba jiko la mkaa lilizimika saa nane usiku, nikalala sina habari. Asubuhi nimekuta wamelaliana kama magunia, wa chini wote wamekufa. Niliokota 140 kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo naamka kila baada ya saa mbili.

Risasi ya Uyole

Mkuu, naomba unijibu manne. Sakafu ni ya nini? Mto wa maranda una unene gani? Ulisubiri dakika ngapi kabla ya kusoma? Na kwa nini umeikagua juzi, si mwezi uliopita?

Kisu Butu

Hita hizo bei gani na zinapatikana wapi? Nataka ya kuchachushia unga wa maandazi, huku Makete haumuki kabisa.

Fundi Maranda

Risasi, sakafu ni saruji. Mto ni kama sentimita 2. Nilisubiri dakika 20. Kuikagua ni utaratibu tu wa kazi.

Risasi ya Uyole

Basi tuanze na hita. Hita ya foili haidanganyi kuhusu wati inazokula. Volti zidisha ampea, hapo hakuna mjadala. Inachoshindwa kukwambia ni wati hizo zimekwenda wapi, na wewe umezihesabu zote kana kwamba zimepita kwenye sensa.

Saruji inapitisha joto polepole. Kwa dakika 20 bado inajaa, na inavyozidi kujaa ndivyo hita inavyopanda moto. Hita ikipanda moto, joto linatafuta njia nyingine, na mto wa sentimita 2 ni mlango wazi. Tofauti ya nyuzi chache tu kati ya hita na hewa ya chumbani inatosha kupitisha sehemu ya joto hilo kwenda juu. Halafu hita yako ni mraba wa sentimita 10 na sensa ni duara la 8. Kona nne zinaning'inia hewani.

Kwa hiyo 4.6 yako haithibitishi kwamba sensa ni mbovu. Haithibitishi kwamba ni nzima pia. Na swali la nne umeliruka.

Fundi Maranda

Ahsante sana mkuu, umenipumzisha. Kumbe hita ndiyo tatizo, sensa iko salama. Nadhani naweza kuacha mambo yalivyo.

Risasi ya Uyole

Sijasema hivyo. Soma tena sentensi mbili za mwisho.

Mwalimu wa Zamu

Kijana, mtu haamki tu asubuhi akaanza kupima kipimo chake. Kuna kitu kilitokea. Hapa hakuna anayekujua, sema.

Fundi Maranda

Sawa. Wiki tano zilizopita, kwenye banda moja Ifunda, gundi ilikauka sana na sensa ikagoma kutoka ukutani. Niliibandua kwa bisibisi. Ilipinda kidogo, nikasikia mlio kama ukucha unaokatika, na waya mmoja ukang'oka. Nikauunga kwa risasi ya kulehemu, ikasoma vizuri, nikaendelea na kazi.

Baada ya hapo nimeitumia kwa mteja mmoja. Usiku mmoja, sensa hii kwenye ukuta wangu wa maranda, na nyingine iliyo nzima kwenye ukuta wake wa zamani wa tofali. Wangu ulipoteza wati 11.4 kwa mita ya mraba, wa tofali 41. Ripoti nimeshampa, ametoa malipo ya awali, na vifaranga ameshaagiza.

Ila naomba nieleweke. Ripoti ilitoka kwa nia njema. Cheti kinasema 60.4 nami nilitumia 60.4. Sikubuni namba. Na hata sensa ikiwa imepungua, ukuta wangu bado unaushinda wa tofali kwa mbali, kwa hiyo mteja hajapata hasara yoyote.

Mwalimu wa Zamu

Umejua kipimo kimeumia, ukakitumia kutoa ushahidi wa kazi yako mwenyewe. Ukuta wako ndio uliopimwa kwa kifaa kilichopinda, na kikipungua nguvu kinakupendelea wewe. Muuza nyanya anayeinua mzani kwa kidole gumba naye husema nyanya zake ni nzuri.

Bonde la Usangu

Mwalimu usimwonee. Ametupa namba mwenyewe, wangapi wanafanya hivyo? Mimi nimejengewa ghala la viazi Isyonje na fundi aliyeapa kwamba baridi haitaingia. Mwezi wa sita mbegu zote zikapigwa na barafu, na fundi simu haipokei mpaka leo.

Chai ya Rungwe

Wakuu mnakunywa chai hapa. Wati 1 kamili, sentimita 10 kwa 10, inatoka 100 kamili? Namba gani za maisha zinakuja zimepigwa pasi hivyo? Hili ni swali la mtihani, kuna mwanafunzi anataka afanyiwe kazi. Na sensa za cheti fundi mabanda kazitoa wapi? Bei yake unajenga banda zima na kuku unanunua.

Kisu Butu

Hapo kwenye bei ya sensa hata mimi nilishtuka.

Bonde la Usangu

Ee bwana, kumbe. Fundi, weka picha.

Fundi Maranda

Picha siweki kwa sababu namba ya sensa inaonekana, na sensa si yangu. Nimeziazima zote mbili pamoja na loga yake, kile kifaa cha kurekodi namba, kwa mtu aliyeniamini. Ndiyo maana sikutaka kulisema hili mwanzoni. Wiki ijayo anazihitaji.

Kuhusu namba, nilizikata ili uzi usomeke kirahisi. Hizi hapa kamili: ukinzani wa hita ni omu 143.1. Volti nilipima kwenye miguu ya hita yenyewe, si kwenye betri, 11.97. Hiyo ni wati 1.001. Karatasi ni sentimita 10, ila njia za chuma zinaishia kabla ya ukingo, sehemu inayochemka ni 9.8 kwa 9.8. Anayeona ni chai aje Mafinga, nitampokea stendi.

Risasi ya Uyole

Huyu si mwanafunzi. Mwanafunzi asingepima ukingo wa hita.

Ila ndugu yangu, umejiongezea mzigo. Joto linatoka kwenye eneo la njia za chuma, kwa hiyo gawa kwa 9.8 mara 9.8. Inakuwa wati 104 kwa mita ya mraba. Gawanya 4.6 kwa hiyo, unapata mikrovolti 44, chini zaidi ya ulivyodhani.

Sensa nzima unayo, basi itumie. Tafuta kipande cha godoro chenye unene wa sentimita 10, weka chini. Juu yake hita. Juu ya hita, sensa zote mbili moja juu ya nyingine, na ile grisi nyeupe ambayo mafundi kompyuta hupaka kwenye prosesa, kila zinapogusana. Zizungushie plastiki ya unene uleule uliyoitoboa duara, ili kona za hita zisibaki hewani. Juu kabisa sufuria ya alumini yenye kitako kilichonyooka, imejaa maji yaliyolala humo chumbani. Maji yatabeba joto bila kupanda haraka, na uzito wake utakandamiza vyote.

Kabla ya kuwasha, soma. Zote zinatakiwa ziwe karibu na sifuri. Washa, usiandike kitu mpaka namba zisimame. Kisha badilisha, ya chini iwe juu, urudie. Joto lililopita moja ndilo linalopita ya pili, kwa hiyo hata hita ikivujisha kidogo, nzima itakwambia kilichopita kweli. Halafu punguza volti nusu, majibu yote yashuke hadi robo ya yalivyokuwa. Soma kwa loga, mita ya kawaida inaruka kwa milivolti 0.1, utapotea. Ukitaka kusoma zaidi, kiwango cha Kimarekani cha ASTM C1130 kinahusu kazi hii hasa.

Na pima ukinzani wa sensa zenyewe. Kiungo cha waya kikiwa safi hakiwezi kula robo ya mwitikio, yaani umeme ambao sensa inautoa. Lakini termokapo za ndani zikigusana, ukinzani unashuka na mwitikio unashuka nao. Mimi nauogopa ule mlio wa ukucha kuliko waya.

Mwalimu wa Zamu

Usiku mmoja? Kiwango cha kimataifa cha ISO 9869 cha kupima kuta kinataka angalau saa 72.

Fundi Maranda

Wakuu, nimerudi. Siku mbili nimefanya hiyo kazi tu. Sufuria nimemwomba mama watoto, ya pilau, lita 10. Mara ya kwanza namba zilikuwa zinatembea, kumbe nimechota maji ya bombani, yana baridi kuliko chumba. Nikayaacha yalale.

Kabla ya kuwasha, sifuri zote mbili. Baada ya saa moja na nusu zikasimama. Nzima, yenye cheti cha 61.7, ilitoa milivolti 6.12. Iliyopinda ikatoa 5.23. Nikabadilisha nafasi, tofauti ni tarakimu ya mwisho tu. Kwa nusu ya volti zikashuka hadi robo kama ulivyosema.

Kwa hiyo kilichopita ni wati 99 hivi kwa mita ya mraba kati ya zile 104, hita ilivujisha tano tu. Na sensa iliyopinda sasa ni 52.7. Imepoteza karibu asilimia 13, si robo, lakini imepoteza. Ukinzani wake pia uko chini ya mwenzake. Ukuta wangu si 11.4, ni 13.1.

Risasi ya Uyole

Kazi safi sana. Hiyo 52.7 sasa ina maana.

Mama Vifaranga

Na mteja je?

Fundi Maranda

Nimempigia asubuhi. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata. Kisha akasema nilete karatasi mpya, na sensa nzima ikae ukutani kwake siku tatu, yeye mwenyewe atakuwa anaziandika namba. Nimekubali. Vifaranga wanaingia Jumanne.

Mwalimu wa Zamu

Na mwenye sensa?

Fundi Maranda

Bado. Yuko Mbeya, na hili siwezi kulisema kwa simu. Kesho napanda basi la saa 12 asubuhi.

Risasi ya Uyole

Beba na hita, na ile karatasi ya vipimo. Ukishuka Uyole nishtue, twende wote.