Waranti ya gia boksi inayoishia Dar: sisi wa Kigoma tunauziwa nini hasa?

Wakuu salaam.

Nina karatasi hapa yenye muhuri wa bluu na sahihi mbili. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa WARANTI YA INJINI NA GIA BOKSI, MIEZI SITA. Nimeisoma hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo, na sasa nasema bila kumung'unya maneno: hii ni karatasi ya kufungia karanga.

Nilinunua gari dogo la mtumba la Kijapani kwenye yadi moja ya Dar. Aina siitaji, maana ugomvi wangu si na kiwanda, ni na aliyeniuzia. Jina la yadi nalo naliacha kwa sasa. Wanajijua, na najua wanapita humu.

Kabla sijatoa hela nilimweleza kijana wa mauzo gari linakwenda kufanya kazi wapi: Kigoma mjini, Mwandiga, na mara kwa mara Manyovu kupitia milima ya Kalinzi. Nikamuuliza, gia boksi ni ile ya gia nne au ni CVT, ile ya mkanda na puli? Akacheka. "Kaka, oto ni oto. Unaweka D unaondoka. Halafu una waranti ya miezi sita, wasiwasi wa nini?"

Oto ni oto! Mtu anavaa shati la kampuni, analipwa kamisheni kwa kuuza magari, anakujibu hivyo.

Wanaoijua Kigoma wanaujua ule mwinuko wa kutoka stesheni kupandisha Mwanga. Hapo ndipo gari lilipoanza visa, na wakati huo waranti ilikuwa bado mbichi. Nakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda mpaka elfu nne, injini inalia, gari haliendi. Bodaboda yenye abiria wawili na ndoo ya mawese inanipita huku dereva ananigeukia kunitazama. Kwenye kuondoka gari linatetemeka mwili mzima, na nikifika juu kuna harufu ya kitu kilichoungua.

Nikalipeleka kwa fundi wa Gungu ninayemwamini. Hakufungua kitu chochote. Alifunua boneti, akashika ile kadi ya sevisi ambayo yadi wenyewe waliifunga kwa waya pale mbele, akaisoma, akaisoma tena, akaniita. Kwenye mstari wa haidroliki ya gia boksi kuna tiki, pembeni yake kwa kalamu ya wino mzito pameandikwa "ATF Dexron III", yaani mafuta ya oto ya kawaida, na tarehe ni ya kabla sijanunua. Fundi akainama kutazama kibati cha maelezo ya gari, akainuka: "Mzee, hili ni CVT. Nani kaliwekea hii?"

Niwaeleze kwa nini aliuliza hivyo, maana kuna watu humu nao bado wanasema oto ni oto. Oto ya zamani ya gia nne ina gia za kweli za chuma ndani yake na vibamba vya klachi vinavyoshika na kuachia. Mafuta yake ni ATF. Toyota wengi wa enzi hizo wanatumia Type T-IV. CVT haina gia za namna hiyo. Ina puli mbili zinazopanuka na kubana, katikati kuna mkanda wa chuma. Nguvu yote ya injini inapita pale mkanda unapobanwa na puli, chuma kwa chuma, na kati yao ni utando wa mafuta tu. Mafuta yale yametengenezwa yalainishe na wakati huohuo yasiuache mkanda uteleze. Ndiyo maana kila kiwanda kina yake: Toyota wana CVT Fluid TC na baadaye FE, Nissan wana NS-2 na NS-3. Ukimimina ATF ya kawaida humo, mkanda unateleza, puli zinachubuka, na unga wa chuma unazunguka kwenye mfumo mzima. Kwenye tambarare ya Dar unaweza usijue mapema. Kwenye mlima utajua.

Nikawapigia. Nikatuma picha ya kadi yao wenyewe. Majibu yakaanza kubadilika kila ninapopiga.

Kwanza, nilete gari Dar kwenye gereji yao, gharama zangu. Wakuu, Kigoma mpaka Dar kwa reli ni kama kilomita 1,250. Gari linashindwa kupanda Mwanga, ndiyo litapanda mpaka Dar? Nilipowauliza nilipakie kwenye lori kwa hela ya nani, simu ikakatika. Mtandao, bila shaka.

Nilipopiga tena nikaambiwa waranti ni ya gia boksi, lakini mkanda wa CVT ni "kifaa kinachochakaa kwa matumizi" kama pedi za breki, kwa hiyo haumo. Hapa ndipo damu ilinichemka kweli. Toa mkanda na puli kwenye CVT, unabaki umemdhamini mteja kitu gani? Boksi la alumini? Karatasi yenyewe haina orodha ya vilivyomo na visivyomo. Hicho "kinachochakaa" kimezaliwa siku nilipopiga simu.

La tatu ni kwamba fundi wa mtaani ameshika gari, waranti imekufa. Ameshika kadi! Kadi yao!

Sasa tulinganishe na kwa wenzetu. Nissan ilipoona CVT zake zinalalamikiwa Marekani, iliongeza waranti ya gia boksi hizo kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 ikawa miaka 10 au maili 120,000. Na hukohuko Marekani kuna sheria ya waranti ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayokataza mtoa waranti kumfunga mteja atumie spea au huduma ya jina fulani tu, labda kama anampa bure. Sisi mtu anakuambia waranti imekufa kwa sababu boneti imefunuliwa Gungu.

Kuna mdau atakuja na "ungenunua gia nne tu". Sawa, na hili naliunga mkono kwa anayeishi huku na anapima leo anunue nini. Toyota IST ya kwanza, ya 2002 mpaka 2007, ni gia nne. IST ya pili ya 1.5 inayovuta magurudumu ya mbele ni CVT. Vitz ya 2005 mpaka 2010 inayovuta mbele ni CVT, lakini ndugu yake ya magurudumu manne ni gia nne. Passo ya kwanza ni gia nne, ya kuanzia 2010 ni CVT. Nissan March ya umbo la K12 kwa sehemu kubwa ni gia nne, K13 ni CVT. Honda Fit ni CVT tangu ya kwanza kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo jina la gari peke yake halikwambii kitu, na mwaka peke yake haukwambii kitu. Kwenye Toyota tazama kibati, mahali palipoandikwa TRANS/AXLE: IST ya zamani utakuta U340E, za CVT namba inaanza na K.

CVT si gia boksi mbaya, nisije nikanukuliwa vibaya. Inakula petroli kidogo, haina kishindo cha kubadili gia, na ikipewa mafuta yake kwa wakati inatembea. Lakini inataka mafuta yake halisi, ambayo hapa Kigoma unaagiza na kusubiri, na inataka fundi anayeijua. Ikifa, wengi hawaitengenezi, wanashusha nzima na kupachika nyingine ya mtumba isiyojulikana historia yake. Gia nne ikisumbua, fundi wa hapa anaifungua mezani na spea zake zimejaa. Kwa hiyo kwa mtu wa mkoani CVT ina maana pale tu waranti inapokufikia ulipo. Waranti ikiishia Ubungo, bei ya CVT inapaswa kushuka kwa thamani ya gia boksi nzima, maana hiyo hatari umeibeba mwenyewe. Mimi niliuziwa kwa bei yenye waranti ndani yake. Hilo ndilo dai langu.

Na wanaosema nunua gari jipya kwa wakala: waranti za kiwanda huandikwa kwa miaka na kilomita, nzuri sana kwenye karatasi. Waulize sevisi inafanyika wapi na kituo cha karibu na Kigoma kiko mkoa gani, halafu mrudi tuongee.

Upande wa sheria sijalala. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba ukimweleza muuzaji unataka kitu kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Nilimtajia Kalinzi kwa jina. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Nina risiti ya EFD, nina karatasi ya waranti, nina kadi yenye maandishi ya Dexron na nina meseji zao zote.

NYONGEZA: Naona mdau ameuliza kwa nini nisimwage tu hiyo ATF na kuweka mafuta sahihi. Mkuu, ukimwaga kwa nati ya chini hayatoki yote, mengine yanabaki ndani, na puli iliyokwisha kuchubuka haiponi kwa mafuta mapya. Pili, nikigusa hiyo nati sasa hivi nitakuwa nimewapa yadi kile wanachokitafuta. Gari limepaki nyumbani kama lilivyo, na fundi ameandika maelezo yake na kusaini.

Ninachotaka kwao: wachukue gari hapa Kigoma kwa gharama zao, wabadilishe gia boksi na kuniandikia ni ipi wameweka na mafuta gani, au warudishe hela. Nimewapa hadi mwisho wa wiki ijayo, baada ya hapo jina lao naliweka kwenye barua ya Tume. Kuna mtu humu wa Kigoma, Tabora au Katavi aliyewahi kupeleka yadi ya Dar kwenye Tume akiwa mkoani? Barua inapokewa kwa posta au lazima uende mwenyewe? Aliyepita njia hiyo anielekeze hapahapa kwenye uzi ili na wengine waone.