Kushabikia White Sox ukiwa Mwanza: unaangalia nini timu ikipoteza kila siku?

Igoma_Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Nauliza wanaofuatilia besiboli ya Marekani. Timu ni Chicago White Sox. Msimu wa 2023 ilipoteza mechi 101. 2024 ikapoteza 121, na tangu 1900 hakuna timu ya ligi kuu iliyopoteza nyingi hivyo. 2025 ikapoteza 102. Kuhama sihami, hilo tusilijadili. Ninachotaka ni utaratibu: mechi zipi zinasikilizika kwa saa zetu bila kumaliza bando, na katika misimu ya namna hii mtu anatazama nini ili ajue timu inapona au inazidi kuzama?

Nyegezi_Stendi
Nianze na saa. Chicago iko nyuma yetu saa 8 msimu mzima wa kawaida, kwa sababu saa zao wanazisogeza Machi kabla ligi haijaanza na kuzirudisha Novemba. Mechi ya saa 12:40 jioni kwao inaanza saa 8:40 usiku kwetu. Ya saa 7:10 mchana kwao ni saa 3:10 usiku hapa. Kwa hiyo shika Jumapili, karibu ligi nzima hucheza mchana. Wakienda pwani ya magharibi, Seattle kwa mfano, ongeza saa 2 nyingine: ya usiku inaanguka saa 11 alfajiri, unaisikiliza ukijiandaa kwenda kazini.

Angalia tarehe pia, hapo ndipo wengi wanapokosea. Mechi ya Jumamosi usiku kwenye ratiba yao kwetu ni Jumapili alfajiri.

Bando: kibanda umiza hakionyeshi besiboli, na video kwenye simu inaweza kula GB 1 kwa saa. Chukua sauti. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29 kwa saa. Tangu 2023 walipomwekea mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, kikomo cha sekunde 15 besi (vituo vya kukimbilia) zikiwa tupu, mechi huisha kwa saa 2 na dakika 40 hivi, basi mechi nzima haifiki MB 80. Ukitumia video, usiache ubora ujipandishe wenyewe. Alfajiri mtandao ukiwa mwepesi bando litaondoka hujafika iningi (awamu) ya nne kati ya tisa.

Mwaloni_Alfajiri
Mkuu Igoma, acha kwanza kuhesabu ushindi, hesabu rani, yaani pointi za besiboli. Chukua rani walizofunga uzizidishe zenyewe kwa zenyewe, fanya hivyo hivyo kwa walizofungwa, kisha gawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Jibu lizidishe kwa 162, idadi ya mechi za msimu. 2024 walifunga 507 wakafungwa 813. Hesabu inatoa ushindi 45, wao walipata 41. Maana yake bahati mbaya iliwanyima kama mechi 4 tu, mengine yote ni ubovu halisi. Fanya hesabu hii kila mwisho wa mwezi. Pengo la rani likipungua wakati ushindi umesimama palepale, timu inapona, hata msimamo usipoonyesha.

Pili, chagua mrushaji. Wanaoanza mechi ni watano na wanapokezana, kila mmoja anarudi baada ya siku 5 au 6, na majina hutangazwa kabla. Timu ile ile mbovu ni timu mbili tofauti kulingana na nani yuko kilimani, pale mrushaji anaposimama. Ukishika zamu za mmoja tu, una mechi kama 30 kwa msimu badala ya 162, na utamjua mtu huyo kuliko mtangazaji.

Tatu, mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa, na hapo timu inayopoteza huuza wakubwa. Inauma, lakini usizime redio. Septemba kikosi kinaongezeka kutoka wachezaji 26 hadi 28, na vijana wanapanda. Kwangu Septemba ya timu mbovu ina thamani kuliko Mei yake. Mfano uko wazi: Garrett Crochet, mrushaji wao bora, alipelekwa Boston Desemba 2024 kwa vijana wanne. Watatu kati yao, mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) Kyle Teel, Chase Meidroth na mrushaji Wikelman González, walikuwa tayari wanacheza Chicago 2025.

Capripoint_7
Ila si ndiyo raha ya kuwa wa mwisho, klabu zikigawana vijana wapya kila mwaka unachagua wa kwanza?

Mwaloni_Alfajiri
Hapana ndugu. Nafasi 6 za kwanza sasa zinapigiwa bahati nasibu, na klabu isiyopokea mgawo wa mapato ya ligi haiwezi kuingia bahati nasibu miaka miwili mfululizo. White Sox walichagua wa 5 mwaka 2024, ndiyo maana baada ya kupoteza mechi 121 wakasukumwa hadi nafasi ya 10 mwaka 2025. Na huyo kijana huanzia ligi za chini, ngazi baada ya ngazi. Ukimtegemea msimu ujao utaumia bure.

Kirumba_Jua_Kali
Niongeze kwa tuliolelewa na mpira wa hapa. Pamba, bingwa wa 1990, alishuka akakaa nje ya ligi kuu miaka 23 hadi 2024. Toto African naye alishuka 2017. Besiboli ya Marekani haina kushuka daraja. Usisikilize mechi ya Septemba ukingoja presha ya kubaki, haipo. Hofu ya kuipoteza timu pia haipo: Pittsburgh walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda misimu 20 mfululizo, 1993 hadi 2012, na kila Aprili walikuwa ligi ile ile.

Halafu shika kipimo cha mechi tatu tatu, maana ratiba imepangwa hivyo. Timu ya ushindi 60 inashinda 37 kati ya mechi 100, kwa hiyo uwezekano wa kupoteza zote tatu ni kama robo. Katika wiki nyingi utapata angalau ushindi mmoja. Kwa timu ya 2024 hesabu hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kupoteza zote tatu kulikuwa kama mara 4 kati ya 10.

Igoma_Kwetu
Nimeelewa. Naanza na Jumapili saa 3:10 usiku, sauti tu, na daftari la rani. Mrushaji nitamchagua nikishaona wote watano katika mwezi wa kwanza wa msimu.

Nyegezi_Stendi
Subiri kila mmoja aanze mara 4 kabla hujachagua. Mara mbili hazitoshi, mrushaji anaweza kuwa amekutana na wapigaji wabovu tu.