Mama mkubwa ana saratani ya mlango wa kizazi 2B. Twende Dar sasa au tusubiri "dawa mpya"?

Binti_Rungwe:
Wakuu habari za jioni. Naandika kutoka Tukuyu. Mama mkubwa hedhi ilishakata zamani, akaanza kuona damu kidogo kidogo. Kituo cha kwanza wakamtibu U.T.I., dawa zikaisha, damu ikarudi. Mbeya mjini ndiko walikomkata kinyama cha kupima maabara, majibu yakaja saratani ya mlango wa kizazi, daraja la 2B. Barua ya rufaa ya Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, tunayo mkononi.

Tatizo ni kikao cha familia. Mjomba anasema watoe kizazi yaishe. Kaka kasoma mtandaoni kuna kemo mpya (dawa za kuua saratani) inatangulia mionzi, anataka tusubiri tuchangishane twende India. Shangazi ana mtu wake wa mizizi. Mgonjwa mwenyewe anasema aachwe avune maharage kwanza. Naombeni ushauri, nimechoka.

Kijana wa Kiwira:
Pole sana dada. Nendeni Dar, mengine mtabishana mkiwa kule.

Tabibu wa Mabanda:
Dada, mwambie mjomba 2B maana yake ugonjwa umeshatoka kwenye mlango wa kizazi na kuingia nyama za pembeni. Hapo kisu hakiumalizi. Tiba ni mionzi ya nje, huku anapewa dripu ya kemo iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani. Kizazi kinabaki mahali pake.

Kaka hajadanganywa, ila kasoma nusu. Utafiti huo unaitwa INTERLACE, ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2024. Walikuwa wanawake 500, wengi wao daraja la pili kama mama. Waliotanguliziwa wiki 6 za paklitakseli na kaboplatini kabla ya mionzi, 80% walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliopewa tiba ya kawaida peke yake, 72%. Madhara makali nayo yaliongezeka kwa hao waliotanguliziwa kemo, hilo watu mtandaoni huwa hawalisemi. Na dawa zenyewe si mpya hata kidogo, zimetumika miaka na miaka kwa saratani nyingine. Upya uko kwenye mpangilio tu. Kwa hiyo hakuna cha kusubiri: mkifika Ocean Road muulizeni daktari kama mama anafaa kuanza na kemo. Akisema hapana, kaeni mkijua hiyo 72% nayo ni tiba ya kweli, alimradi asiikatize katikati. Mionzi yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8 hivi.

Binti_Rungwe:
Asante sana daktari. Na mizizi je? Shangazi anasema ataichanganya na ya hospitali, haina shida.

Tabibu wa Mabanda:
Ina shida. Uvimbe wa pale unaweza kubana mirija ya mkojo, figo zikaanza kuvimba bila mgonjwa kusikia chochote. Sisplatini nayo inapita kwenye figo hizohizo. Ukiongeza mchanganyiko usiojulikana una nini ndani, figo zikigoma kemo inasimamishwa. Mpimeni figo na wingi wa damu hukohuko Mbeya. Kama damu iko chini aongezewe, safari ni ndefu.

Mama Maparachichi:
Mwanangu pole. Mimi nilimuuguza dada yangu, tulitokea Njombe. Ombeni vile vioo vya maabara na kibloku cha nta chenye kile kinyama, Dar wanaweza kutaka kukisoma upya. Kifunge kwenye pamba, kiwe ndani ya pochi yako. Usikiweke mbele pale kwa dereva, jua la Morogoro litakiyeyusha. Mama avae khanga nyeusi, mkate siti karibu na mlango.

Watampima na VVU, asishtuke. Mwenye VVU hupata saratani hii kirahisi zaidi na daktari lazima ajue. Mionzi ya tumbo la chini inaharisha, kipindi kile hayo maharage mnayogombania atayaacha mwenyewe 😀 Mambo ya fedha yakibana, mwoneni afisa ustawi wa jamii siku ya kwanza, msingoje mkwame.

Mzee wa Mwanjelwa:
Binti, na wewe umeshapima mlango wa kizazi? Wale mabinti wa miaka 9 hadi 14 hapo nyumbani wamechanjwa HPV, kile kirusi kinacholeta saratani hii? Siku hizi ni dozi moja tu.

Binti_Rungwe:
Sijapima, mzee wangu. Nitapima.

Nimemsomea kaka hizi meseji, kanyamaza, halafu kauliza nauli ya basi. Shangazi bado amenuna. Maharage watavuna majirani. Ndaga fijo wote. Mama Maparachichi, hicho kibloku naombea kwa daktari au maabara?

Mama Maparachichi:
Maabara ileile iliyosoma kinyama. Nenda asubuhi na barua ya rufaa, na namba ya sampuli iko juu ya karatasi ya majibu. Usipoishika hiyo namba watakuzungusha siku nzima.