Mafua ya mtoto hayaishi na dawa ya aleji imegoma, niongeze kipimo au nibadili?

Semitrela
Habari za usiku wakuu. Nina mtoto wangu mdogo, ana mafua ambayo hayataki kuisha. Yakikata wiki moja, ijayo yamerudi. Anapiga chafya mfululizo hasa alfajiri, macho mekundu, anayafikicha mpaka yanavimba, pua inaziba anahema kwa mdomo. Nilienda duka la dawa wakaniambia hiyo ni aleji, wakanipa dawa ya maji. Mwanzoni ilimkubali kweli, akinywa saa mbili usiku analala fofofo mpaka kunakucha. Sasa kama wiki tatu hizi naona mwili umeizoea, saa tisa usiku yuko macho analia.
Swali langu ni moja tu: niongeze kipimo kidogo au nihamie hii nyingine wanayoiita setirizini? Wenye uzoefu karibuni, matusi pembeni.

Kipande cha Muwa
Nimevuta kigoda, nasubiri wataalamu. Aleji yangu mimi ni kodi ya nyumba, ikifika tarehe 28 nawashwa mwili mzima.

Bint Pangani
Pole mwaya. Mimi hizo dawa siziamini tangu siku ile. Nilikuwa natoka Tanga kwenda Dar na mwanangu wa miaka minne, mama mmoja jirani yangu akanishauri, mpe piritoni atalala mpaka Ubungo. Nikampa. Jamani! Mtoto hakulala hata lepe. Alikuwa kama kameza betri. Segera anapanda viti, Chalinze kamvua kondakta kofia, Mlandizi anaimba kwa sauti basi zima linamtazama. Abiria mmoja akaniuliza huyu mtoto mmemlisha nini. Nikasema amezaliwa mchangamfu.

Mzee Kiraka
Kikohozi na mafua ya kujirudia ni kimeo hicho, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Mtafute mzee anayejua akikate, siku tatu mtoto amepona. Sisi wote tumekatwa na tupo.

Nesi Mstaafu
Mzee Kiraka, waliopo ndio wanaohadithia, waliovuja damu mpaka mwisho hawana simu. Nimepokea watoto wa kimeo mikononi mwangu, tusirudi huko tafadhali.
Mleta uzi, kabla ya kuongeza wala kupunguza, nijibu mawili. Mtoto ana umri gani? Na dawa imeandikwa jina gani kwenye chupa? Usiniambie "ya aleji", nisomee.

Semitrela
Asanteni kwa michango. Ni mdogo ila ana mwili mkubwa, ukimwona utasema ana mwaka na nusu. Dawa ni hizi hizi za kawaida kila nyumba zipo, chupa ya kahawia. Naomba tujikite kwenye swali, niongeze au nibadili?

Muuza Dawa Mbezi
Mama/baba, swali halijibiki hivyo. Nakaa kaunta mwaka wa saba na hili nalisikia kila siku, "nipe ya aleji ya mtoto", ukiuliza umri mtu anakuonyesha kwa mkono, wa hivi. Dawa haipimwi kwa mkono.
Piritoni ya maji nyingi ina miligramu 2 ndani ya mililita 5. Prometazini ya maji nyingi ni miligramu 5 ndani ya mililita 5. Setirizini ni habari nyingine. Halafu kijiko: kijiko chako cha jikoni si mililita 5, kingine ni 3, kingine 7. Wengine wanapima kwa kofia ya chupa. Ukiniambia "kijiko kimoja" hujaniambia kitu.
Umri, jina la dawa, na unapimia nini.

Semitrela
Sawa. Ana miezi 9. Dawa imeandikwa Promethazine. Napima kwa kijiko cha chai, kile kidogo cha sukari. Jana nilimpa kijiko na nusu kwa sababu kimoja hakikufua dafu, na alilala vizuri tu, kwa hiyo msinitishe. Mama yangu alitupa hii hii sisi watoto sita, na wote tumesoma.

Nesi Mstaafu
Miezi TISA. Mwanangu, kaa chini unisikilize.
Prometazini hairuhusiwi kwa mtoto chini ya miaka 2. Sisemi "si nzuri", nasema hairuhusiwi. Hizi dawa za aleji za zamani zinaingia kwenye ubongo, ndiyo maana zinalaza. Kwa mtoto mchanga hazilazi macho tu, zinaweza kulaza na pumzi. Anapumua polepole, polepole, na wewe umelala pembeni unafurahi leo ametulia. Usiku wa leo usimpe tena.
Sasa mfunue kifua, awe ametulia, usimhesabie akiwa analia. Shika saa, hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika moja nzima, si nusu dakika mara mbili. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi, na kama anavuta pumzi sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani, usiku huu huu mpeleke. Kama ni mzito kuamka, midomo imebadilika rangi, au pumzi inakatika katika, hapo hata usihesabu, nenda.

Mwalimu wa Nidhamu
Akina mama wa siku hizi mnataka watoto wanaozimwa kama taa. Zamani mtoto akilia anabebwa mgongoni anaimbiwa, mama hana usingizi mpaka asubuhi na halalamiki. Leo mtoto akilia dakika mbili, chupa. Simu ndiyo imewaharibu.

Bint Pangani
Mwalimu, na wewe ulimbeba nani mgongoni usiku?

Kipande cha Muwa
Mwalimu amekimbilia ofisini kusahihisha madaftari.

Dogo Janja 07
Hizi sirapu mziache kabisa. Gambia 2022 watoto zaidi ya 60 walikufa, na prometazini ilikuwemo.

Muuza Dawa Mbezi
Dogo, kweli ilikuwemo kwenye zile sirapu nne ambazo WHO ilizitangaza Oktoba 2022, lakini tuelewane. Kilichopatikana mle ni sumu, dietilini glaikoli na mwenzake, vitu visivyotakiwa kuwemo kabisa kwenye dawa, vinaua figo. Hilo ni suala la dawa iliyochafuliwa. La huyu mama ni la dawa safi inayopewa mtoto asiyestahili. Usiyachanganye, maana kesho atakuja kusema yake si ya Gambia basi iko salama.
Na setirizini aliyouliza: hailazi sana kama hizo za zamani, ila kwa mtoto wa umri huo si ya kujinunulia. Daktari amwone, apimwe uzito, yeye ndiye aandike.

Semitrela
Nimehesabu, ni 44. Hajabonyea. Amelala.
Ila nyie mnaongea kama watu wenye nafasi. Hospitali nikienda napoteza siku nzima, na siku nikiipoteza hatuli. Chupa nyingine nimeshanunua ipo hapa. Nilichotaka kujua ni kama ya pili itakuwa bora, basi.

Mtu wa Makambako
Mimi si daktari, ni fundi tu wa mabati. Lakini kuna kitu sikielewi na watu wote mmekipita. Mtoto anapiga chafya alfajiri, anaamka saa tisa usiku, macho yanawaka. Saa tisa hapo nyumbani kuna nini?

Nesi Mstaafu
Fundi, umeniaibisha. Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza na sikuliuliza.

Semitrela
Hakuna kitu. Ni kazi zangu tu.

Mtu wa Makambako
Kazi gani dada?

Semitrela
Nakaanga maandazi na chapati. Naanza saa tisa ili saa kumi na mbili niwe kituoni wakati abiria wanapanda. Tunaishi chumba kimoja. Jiko liko upande wa mlango, mtoto analala kitandani kwenye neti, kuna pazia katikati. Dirisha nafungua robo, kwa sababu nikifungua lote vibaka wanaingiza mti wenye ndoana wanavuta nguo. Nje siwezi kupikia, mwenye nyumba hataki masizi ukutani, na mvua nani atazuia? Nikianza kukanda anaamka analia, na nikimbeba mikono ina unga. Ndiyo, dawa inanisaidia alale nifanye kazi. Haya, nimesema. Mmefurahi?

Bint Pangani
Hakuna aliyefurahi mdogo wangu.

Mtu wa Makambako
Huku kwetu baridi ikishika, Juni na Julai, watu wanaingiza jiko la mkaa ndani wanafunga mlango. Jirani yangu na mkewe tuliwakuta asubuhi, sufuria ya chai bado ina joto, wao hawapo. Hewa ya mkaa haina rangi wala harufu. Inakulegeza, kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuwa mtamu, unaondoka nao. Tuliuvunja mlango mimi na kaka yake, nilikuwa na nyundo ya kazini. Mpaka leo sipendi kuigusa ile nyundo.
Kwa hiyo ukisema mtoto amelala vizuri, mimi siulizi dawa peke yake.

Nesi Mstaafu
Hii ndiyo yenyewe. Moshi na mvuke wa mafuta ya kukaangia si aleji, ni kitu kinachochubua pua na kifua moja kwa moja. Dawa ya aleji inatuliza muwasho na chafya za aleji, moshi haiufanyi kitu. Ndiyo maana "imegoma", haijawahi kuwa dawa yake. Yawezekana pia ana aleji ya kweli, ya vumbi la godoro au mende, sikatai, lakini huwezi kuijua mtoto akiwa anafukizwa kila usiku kama samaki. Na huyo samaki umempa dawa ya kutoamka.

Kachero wa Uzi
Samahani niharibu msiba. Nimepitia nyuzi za huyu Semitrela. Mwezi wa pili analalamikia foleni ya Tunduma, nanukuu, "sisi madereva tunalala chini ya gari siku nne". Mwezi wa tatu anauliza bei ya gia boksi ya Scania. Leo ni mama anayekanda unga na mtoto wa miezi 9. Wakuu, hii ni CHAI, hadithi ya kutunga, na sukari imezidi.

Kipande cha Muwa
Chai na maandazi yapo kabisa. Mleta uzi kafikiria kila kitu.

Dogo Janja 07
Nilishangaa mapema, mtu anahesabu pumzi dakika tatu baada ya kuambiwa. Chai ya rangi hii.

Mwalimu wa Nidhamu
Nimerudi. Nilijua tangu mwanzo ni mwanaume.

Nesi Mstaafu
Hata ikiwa chai, kuna mama mwingine anasoma hapa kimya kimya na kijiko mkononi. Mimi namjibu huyo.

Semitrela
Akaunti ni ya mume wangu, ni dereva wa malori. Simu hii aliniachia, akaunti ilikuwemo. Sikujua kama lazima mtu afungue ya kwake. Mkitaka nipige picha jiko?

Kachero wa Uzi
Piga. Na maandazi yaonekane.

Semitrela
Hapa ni baba mtoto. Nipo Tunduma kwenye foleni, nimeingia kwa simu nyingine nione kama kuna mzigo wa kurudi, nakuta jina langu linajadiliwa kama kesi. Mke wangu, sijui kama unasoma. Hiyo chupa ya kahawia ndiyo ile ya juu ya kabati? Mimi nikiwa nyumbani asubuhi humpa mtoto dawa ya kifua niliyonunua Mbeya, kofia moja. Sikukwambia kwa kuwa dawa za kununua njiani huzipendi. Wakuu, hizo mbili zina shida zikikutana?

Dogo Janja 07
Sasa wanachati wenyewe kwa wenyewe kwa akaunti moja. Nimekufa.

Muuza Dawa Mbezi
Kaka, geuza chupa usome nyuma kwenye maandishi madogo. Ukikuta neno linaloanza na "chlorphen", hiyo ni piritoni ndani ya dawa ya kifua. Ni ndugu wa prometazini, zote zinalaza. Siku ukiwa nyumbani mtoto anapewa asubuhi na usiku na hakuna anayejua mwenzake kampa. Dawa za kifua na mafua za mchanganyiko mtoto wa umri huo hatakiwi kupewa kabisa. Chupa zote, hata tupu, mwende nazo hospitali, msizitaje kwa rangi.

Semitrela
Ni mama mtoto. Imeandikwa hivyo hivyo, chlorphen. Nampigia mume wangu sasa hivi.

Kachero wa Uzi
Bado sijashawishika, ila naendelea kunywa.

Semitrela
Ni mama mtoto, siku mbili zimepita. Jana tulienda kituo cha afya, foleni tangu saa moja, nimeingia saa sita. Amepimwa kilo 8.2. Daktari alitoa chupa tatu kwenye mfuko wangu akazipanga mezani kama mtu anayecheza drafti, hakunigombeza, hilo ndilo lilinifanya nilie. Amezizuia zote. Amempa maji ya chumvi ya kudondoshea puani kabla ya kunyonya, na turudi baada ya wiki mbili aone chafya zimebaki kiasi gani kukiwa hakuna moshi. Jiko nimehamishia kwa bibi mmoja nyumba ya tatu ana kibanda cha wazi, anataka mia tano kwa siku na maandazi mawili. Usiku wa kwanza mtoto hakulala, alilia mpaka saa kumi, nimemfunga mgongoni nakanda. Chapati zilitoka ngumu.

Bint Pangani
Ngumu zinaliwa na maharage, usijali. Na huyo baba?

Semitrela
Bado Tunduma. Siku ya sita.

Kipande cha Muwa
Kituo gani unauzia? Nipo Mbagala Rangi Tatu, mimi hata ngumu nakula.