Kanda ya harusi ya 1996: nitumie programu gani kusafisha picha?

BintiChumbageni:
Habari zenu wakuu. Nina kanda ya VHS ya harusi ya dada yangu, Tanga, 1996. Studio moja ilinihamishia kwenye flashi, lakini watu wamekuwa wafupi na wapana, na akina mama wakicheza, mikono yao inachanika vipande kama meno ya kitana. Jirani akaipitisha kwenye programu ya akili mnemba. Kuna sehemu bibi yetu anamfukiza udi bi harusi. Sasa uso umekuwa laini, mikunjo hamna, hata kipini cha puani kimefutika. Bibi alifariki 2003 na hatuna video yake nyingine. Naomba msaada wa programu nzuri.

FundiDeki:
Pole sana dada. Kanda yenyewe bado unayo? Programu ile haikurudisha sura ya bibi, imebuni nyingine. Mimi nakushauri kanda ichezwe upya.

Picha za PAL, mfumo wa video wa kanda za huku kwetu, ni 25 kwa sekunde, na kila moja ni nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti: mistari ya witiri na ya shufwa. Mtu akisogea, nusu hizo hazilingani, ndiyo hayo meno. Aliyepunguza au kukuza ukubwa wa picha kabla ya kuzitenganisha amezichanganya moja kwa moja.

Tafuta mwenye deki ya S-VHS (aina bora zaidi ya VHS, hucheza na kanda za kawaida) yenye TBC, mfano Panasonic NV-FS200. TBC hunyoosha mistari inayoyumba. Atumie kebo ya S-Video, si ile ya njano, maana VHS huhifadhi rangi mbali na mwanga, na kebo ya njano huvichanganya tena. Adai picha ya nukta 720 kwa 576, na kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu kama Huffyuv. Saa moja hula GB 30 hivi, kwa hiyo nenda na diski, flashi ndogo haitoshi.

BintiChumbageni:
Kanda ninayo kabatini. Ila kwenye kidirisha chake naona utando mweupe ukingoni.

FundiDeki:
Hiyo ni kuvu, unyevu wa pwani huo. Tafadhali usiitie kwenye deki yoyote! Kuvu itachafua hedi (kichwa kinachosoma utepe), ihamie kwenye kanda nyingine, na utepe unaweza kunasa ukakatika. Iweke pakavu, na kwanza isafishwe na fundi anayefungua kasha.

Mzalendo_Arusha:
Nyongeza: ukishapata faili jipya, tenganisha zile nusu kwa QTGMC, au bwdif ya ffmpeg (zote ni zana za kompyuta za kazi hiyo), litoke na picha 50 kwa sekunde. Mikono itacheza bila kuchanika. Uwiano wa upana kwa kimo uwe 4:3, watu watarudi kimo chao. Ule mstari unaotetemeka chini kabisa huwa upo kwenye VHS, ukate. Chembechembe zipunguze kidogo tu. Ukizidisha, kipini kitapotea tena.

BintiChumbageni:
Ahsanteni mno. Kuna fundi wa kusafisha kuvu Tanga au Dar mnayemwamini? Kwa posta siitumi, nitaipeleka mwenyewe.